Mkuu wa TEHAMA na Swali la Mkurugenzi wa Fedha

Kila msimu wa bajeti unapowadia, wakuu wa TEHAMA katika makampuni yetu huulizwa swali lile lile na wakurugenzi wa fedha, ingawa huvaa sura mbalimbali: fedha mlizopewa mwaka jana zimeirudishia kampuni nini? Jibu linalotolewa mara nyingi huwa ni la swali jingine kabisa. Kikao huonyeshwa asilimia ya muda ambao seva zilikuwa hewani, idadi ya maombi ya msaada yaliyoshughulikiwa, kompyuta zilizobadilishwa, na miradi iliyokamilika ndani ya muda uliopangwa. Hizo ni habari za idara kujihusu yenyewe, na mkurugenzi wa fedha, ambaye hana nia mbaya hata kidogo, hubaki na hoja yake mkononi na kalamu nyekundu karibu.

Nimefanya kazi hii kwanza kama fundi wa mifumo na baadaye kama mtu anayetakiwa kuitetea bajeti mbele ya wakubwa, na imani niliyobaki nayo ni kwamba thamani ya TEHAMA huzaliwa nje ya idara ya TEHAMA. Huzaliwa kaunta, bohari, kwenye dawati la mikopo na katika chumba cha wahasibu, pale ambapo kazi iliyokuwa ikifanyika kwa namna moja inaanza kufanyika kwa namna nyingine, kwa haraka zaidi au kwa hasara ndogo zaidi. Kiongozi wa TEHAMA asiyekwenda huko kuitafuta, na asiyeipima kabla na baada, hataiona hata kama mifumo yake ni ya kisasa kiasi gani. Na asipoiona yeye, hakuna atakayeiona kwa niaba yake.

Wanauchumi waliligusa jambo hili zamani. Mwaka 1987 Robert Solow, ambaye mwaka huohuo alitunukiwa Tuzo ya Nobeli ya uchumi, aliandika kwamba zama za kompyuta zinaonekana kila mahali isipokuwa katika takwimu za tija. Mjadala uliofuata ulikuwa mrefu na haujaisha, lakini sehemu moja ya majibu yake imesimama imara: mashine mpya ikiwekwa juu ya utaratibu wa kazi wa zamani hubadilisha kidogo sana. Kampuni hulipia kompyuta na pia huendelea kulipia karatasi, kwa kuwa hakuna aliyepewa mamlaka ya kuziondoa karatasi.

Afrika Mashariki tuna mfano ambao dunia nzima huuzungumzia, nao ni M-Pesa. Husimuliwa mara nyingi kama hadithi ya ubunifu, na kwa sababu hiyo sehemu yake yenye mafunzo zaidi kwa kiongozi wa TEHAMA hupitwa haraka. Mradi haukuanza kama huduma ya kutuma fedha. Vodafone ya Uingereza, kwa kuchangiwa na mfuko wa wizara ya maendeleo ya kimataifa ya nchi hiyo uliotoa karibu pauni milioni 1, ilitaka kujenga njia ya kuwawezesha wakopaji wadogo kupokea na kurejesha mikopo kwa simu. Mshirika wa mikopo alikuwa taasisi ya Faulu Kenya, mshirika wa mtandao alikuwa Safaricom, na majaribio yalianza Oktoba 2005 katika maeneo ya Nairobi na Thika, yakiwa na mawakala wachache na wateja wasiofika 500. Waliousimamia mradi kwa upande wa Vodafone walikuwa Nick Hughes na Susie Lonie, na waliandika baadaye kwa uwazi mkubwa yaliyotokea.

Yaliyotokea ni kwamba wateja walianza kuitumia huduma kwa mambo ambayo hakuna aliyeyapanga. Wengine walilipana wao kwa wao kwa kazi na bidhaa. Wafanyabiashara waliokusanya fedha jioni, benki zikiwa zimeshafungwa, waliziweka kwa wakala ili zilale salama. Wasafiri kati ya maeneo mawili ya majaribio waliweka fedha upande mmoja na kuzitoa upande wa pili, wakakwepa kutembea na noti mfukoni. Wengine walinunua muda wa maongezi na kuuelekeza kwenye simu za jamaa zao waliokuwa mashambani. Wakati huohuo, lengo lenyewe la mradi, yaani urejeshaji wa mikopo, lilikuwa likisuasua, kwa sababu hesabu za taasisi ya mikopo ziliendeshwa kwa utaratibu wa vikundi na kwa mkono, na kuzioanisha na malipo yaliyokuja kwa simu, moja moja na kwa nyakati zozote, kulileta kazi mpya badala ya kuiondoa ya zamani.

Hapo ndipo viongozi wengi wa miradi ya TEHAMA ninaowafahamu wangekaza kamba. Wangesema mahitaji yalisainiwa, mkataba ni wa mikopo, na watumiaji wapewe mafunzo zaidi. Timu ile ilifanya kinyume: ilitazama matumizi halisi, ikaipunguza huduma hadi ikabaki jambo moja ambalo watu walikuwa tayari kulilipia, na Safaricom, chini ya uongozi wa Michael Joseph, ikaizindua nchini kote Machi 2007 kwa ujumbe mfupi wa kutuma fedha nyumbani. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2024, M-Pesa iliiingizia Safaricom karibu shilingi bilioni 140 za Kenya, zaidi ya asilimia 40 ya mapato yake yote ya huduma.

Ninapousoma mkasa huo kama mtu wa mifumo, naona pia jinsi maamuzi ya kiufundi yalivyofuata biashara kwa karibu. Huduma iliwekwa kwenye menyu ya laini ya simu, ili ifanye kazi katika simu ya bei ndogo kabisa, bila intaneti na bila kupakua chochote. Mhandisi anayetaka kuonyesha umahiri wake angeweza kupendekeza kitu cha kuvutia zaidi. Lakini mteja aliyelengwa alikuwa na simu ya tochi, na hilo lilimaliza mjadala. Aidha, mitambo iliyoiendesha ilikaa Ujerumani kwa miaka mingi, na ilihamishiwa Kenya mwaka 2015 tu, baada ya wingi wa miamala na malalamiko ya kukatika kwa huduma kuufanya uhamisho huo uwe hitaji la biashara lisilosubiri. Kuna mpangilio mzuri wa mambo hapo. Kwanza ilithibitishwa kuwa watu wanaitaka huduma, kisha ikajengewa uwezo wa kubeba uzito wake. Makampuni mengi huenda kinyumenyume, wakanunua uwezo wa kubeba milima kabla ya kupata mzigo.

Si kila kampuni itapata M-Pesa yake, wala si lazima. Thamani kubwa ninayoiona kwa macho yangu hutoka katika mambo madogo ambayo hayaandikwi magazetini, na ugumu wake ni kuyatambua.

Nilipata kufanya kazi na kampuni moja ya usambazaji wa bidhaa jijini Dar es Salaam, ambayo ilikuwa imenunua mfumo mkubwa wa kusimamia bohari, mauzo na uhasibu kwa pamoja. Uongozi ulilalamika kwamba takwimu za bohari haziaminiki, na pendekezo lililokuwa mezani lilikuwa kununua moduli nyingine ya ziada. Kabla ya kusaini chochote nilikwenda kukaa bohari. Mtunza stoo, mzee mmoja makini aliyeitwa na wote Mzee wa Kaunta, alikuwa na kompyuta mbele yake, na pembeni ya kompyuta kaunta buku lenye jalada gumu, mistari imepigwa kwa rula, kurasa zimejaa mwandiko safi. Nilimwuliza, kwa heshima, kwa nini anaandika mara mbili.

“Mwanangu,” akaniambia, “mashine hii haijui katoni iliyolowa.”

Akanifafanulia. Mzigo ulipowasili kutoka bandarini, baadhi ya katoni zilikuwa zimelowana au kupasuka. Mfumo ulikuwa na nafasi mbili tu, iliyopokelewa na isiyopokelewa. Akiandika imepokelewa, bohari inaonekana ina bidhaa ambayo haiuziki; akiandika haijapokelewa, idara ya ununuzi inamdai mgavi kitu ambacho ameshakileta. Kwa hiyo aliandika imepokelewa kwenye mfumo, na ukweli akauandika kwenye kaunta buku, na wafanyakazi wa mauzo, waliokwisha kugundua hilo, walimpigia simu kuuliza kabla ya kumwahidi mteja mzigo. Mfumo wa mamilioni ya shilingi ulikuwa ukitegemea kitabu na simu ya mzee mmoja, na siku alipokuwa likizo mauzo yalipungua bila mtu yeyote ofisini kujua sababu.

Tiba haikuwa moduli mpya. Iliongezwa hali ya tatu ya mzigo, yaani umepokelewa lakini una kasoro, pamoja na utaratibu wa nani anaamua hatima yake na ndani ya muda gani. Kazi ya kiufundi ilikuwa ndogo. Kazi kubwa ilikuwa kuwakalisha mezani watu wa ununuzi, mauzo na uhasibu wakubaliane nani anabeba hasara ya katoni iliyolowa, swali ambalo kaunta buku lilikuwa limewaokoa kulijibu kwa miaka. Ndiyo maana nasema kiongozi wa TEHAMA anayejiona kuwa ni mtu wa mitambo peke yake amejinyima nusu ya zana zake. Kila anapokuta daftari, jedwali la siri kwenye kompyuta ya mhasibu, au kundi la WhatsApp linalofanya kazi ambayo mfumo rasmi ulinunuliwa kuifanya, asikimbilie kulipiga marufuku. Hapo kuna hitaji la biashara ambalo mfumo umelikosa, na limeshaandikwa tayari kwa mkono wa anayelijua vizuri kuliko mshauri yeyote.

Nirudi kwenye kupima, kwa sababu hapa ndipo hoja nyingi nzuri hufa. Wakuu wengi wa TEHAMA huandika katika maandiko yao ya mradi kwamba mfumo “utaongeza ufanisi”. Neno hilo halina namba, na mtu wa fedha hawezi kuliingiza katika hesabu zake. Tuchukue mfano wa kubuni. Kampuni inauza bidhaa za shilingi bilioni 1 kwa mwezi, zote kwa mkopo, na ankara humfikia mteja siku 6 baada ya mzigo kukabidhiwa, kwa kuwa hati ya makabidhiano iliyosainiwa husafiri na dereva mpaka arejee kutoka mikoani, kisha hukaa kwenye trei ikisubiri kuingizwa. Mauzo ya siku moja ni takriban shilingi milioni 33. Siku 6 za kuchelewa maana yake ni kwamba wakati wowote ule kampuni ina kama shilingi milioni 200 ambazo mteja hajaanza hata kuhesabiwa siku za kulipa. Ikiwa kampuni inakopa benki kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka ili kuziba pengo hilo la mtaji, ucheleweshaji wa karatasi unaigharimu shilingi milioni 32 kila mwaka.

Sasa mkuu wa TEHAMA anayependekeza kwamba dereva apige picha hati iliyosainiwa kwa simu na ankara itoke siku hiyohiyo hana haja ya kutaja ufanisi. Ana namba ambayo mkurugenzi wa fedha anaweza kuikagua, kuipinga, na hata kuipunguza, na yote hayo ni mema, kwa maana mjadala unakuwa wa fedha badala ya kuwa wa imani. Muhimu zaidi, siku 6 zile zinapaswa kupimwa na kusainiwa kabla mradi haujaanza, tena zipimwe na watu wa fedha wenyewe. Kipimo kinachochukuliwa baada ya mradi kuzinduliwa huwa na mashahidi wengi wanaokumbuka mambo tofauti, na kila mmoja hukumbuka yanayomfaa.

Upande wa pili wa thamani ni ule wa kutoipoteza iliyopo, na hapa mfano ninaourejea mara kwa mara ni wa benki ya TSB ya Uingereza. Benki hiyo ilikuwa imejitenga na Lloyds lakini ikaendelea kutumia mifumo yake kwa malipo, na baada ya kununuliwa na kundi la Sabadell la Uhispania ikaamua kuwahamishia wateja wake milioni 5 na ushei kwenye mfumo mpya, uliojengwa na kampuni tanzu ya kundi hilo iitwayo SABIS. Kibiashara uamuzi ulikuwa na mantiki: kuacha kulipa mpangishaji, na kuwa huru kubuni huduma. Uhamisho ulifanyika mwishoni mwa juma moja la Aprili 2018. Data zenyewe zilihama salama. Jukwaa lililozipokea ndilo lililoshindwa, na kuanzia matawini hadi kwenye simu, wateja wengi hawakuweza kuzifikia akaunti zao. Benki haikurejea katika hali yake ya kawaida hadi Desemba mwaka huo. Mkurugenzi mtendaji aliondoka Septemba 2018. TSB ililipa wateja fidia ya pauni milioni 32.7, na Desemba 2022 wasimamizi wa sekta ya fedha waliitoza faini ya pauni milioni 48.65.

Kuna mambo mawili katika uchunguzi uliofuata ambayo ningependa kila mkuu wa TEHAMA ayajue kwa kina. La kwanza ni namna ratiba ilivyopangwa. Tarehe ya mwisho iliwekwa kwanza, kisha kazi zikapangwa kurudi nyuma ili zitoshe, na tarehe ilipolazimika kusogezwa, mpya nayo ikatangazwa kabla ya kufahamika kwa uhakika kazi iliyobaki ni kiasi gani. Majaribio yaliyopaswa kufuatana yakaanza kufanyika kwa kupishana. Vituo vya data vilikuwa viwili, vikiwa vimekusudiwa kufanya kazi kwa pamoja, lakini majaribio ya uwezo wa kubeba mzigo yalifanyika kwenye kimoja tu, kwa kudhani kwamba kilichopo huku ndicho kilichopo kule. Havikuwa vimepangwa sawa.

La pili linamhusu mkuu wa TEHAMA mwenyewe. Aprili 2023 msimamizi wa benki nchini humo alimtoza faini binafsi aliyekuwa mkuu wa TEHAMA wa TSB, Carlos Abarca, ya pauni 81,620. Kosa halikuwa la kuandika programu mbovu. Alipatikana kuwa hakuchukua hatua za kutosha kuhakikisha kwamba benki inamsimamia mtoa huduma wake ipasavyo, naye mtoa huduma huyo alitegemea kampuni nyingine 85 nyuma yake. Uthibitisho wa utayari uliotolewa na SABIS ulikuwa na kauli za matarajio, yaani mambo ambayo yalitazamiwa kuwa tayari, na haukuhojiwa vya kutosha. Nadhani wengi wetu tumewahi kupokea barua ya namna hiyo kutoka kwa mzabuni, yenye nembo nzuri na sentensi zilizoandikwa kwa wakati ujao. Kufuatana na ninavyoelewa mimi, sehemu kubwa ya mshahara wa mkuu wa TEHAMA hulipwa kwa ajili ya siku ile moja ambapo anapaswa kumwambia mwenyekiti wa bodi kwamba barua hii haitoshi na uzinduzi usubiri, hali matangazo yameshalipiwa.

Kwa wasomaji wa ukanda wetu, somo la kinga lilikuja karibu zaidi Jumapili ya Mei 12, 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipokatika na intaneti ikadhoofika au kupotea kabisa katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwa miongoni mwa zilizoumia zaidi. Baadhi ya makampuni yaliyokuwa na watoa huduma wawili wa intaneti yaligundua siku ile kwamba watoa huduma hao wawili walipita kwenye waya uleule. Waliokuwa wameuliza mapema, wakalipia njia ya pili iliyopita kwingine kweli, waliendelea kuuza. Njia ya pili ni gharama inayoonekana kupotea bure siku zote isipokuwa siku moja, hivyo kuitetea kunahitaji namba ileile niliyoitaja: saa moja ya kutouza inatugharimu shilingi ngapi? Kiongozi asiyeijua namba hiyo atanyimwa fedha, na kwa kweli atakuwa amestahili kunyimwa.

Ni vyema pia kutazama sekta ya umma, ambayo watu wa makampuni binafsi hupenda kuidharau. Mfumo wa malipo ya Serikali ya Tanzania wa GePG, ulioanza kutumika mwaka 2017 chini ya Wizara ya Fedha, ulitatua tatizo ambalo kampuni nyingi bado wanalo. Zamani mwananchi alilipa ada benki, akachukua risiti, akaipeleka ofisini, na mhasibu akakaa na taarifa ya benki akijaribu kulinganisha majina na kiasi. Baada ya GePG, kila deni linapewa namba yake ya kumbukumbu ya malipo, na malipo yoyote, yawe ya benki au ya simu, hurudi yakiwa yamebeba namba hiyo. Ukiutazama kwa juu ni mfumo wa malipo. Ukiutazama kwa karibu ni uamuzi kwamba hakuna fedha itakayopokelewa bila utambulisho wa deni inalolipa. Uamuzi huo ni wa kiutawala, na bila huo programu isingesaidia kitu. Ninajua makampuni ambayo wahasibu wao hutumia juma zima la mwanzo wa mwezi kutafuta ni mteja gani aliyetuma shilingi 450,000 kutoka kwenye simu ya shemeji yake, ilhali dawa imekuwepo kwenye bili yao wenyewe ya maji kwa miaka kadhaa.

Kuhusu kupunguza gharama nitasema kwa ufupi. Leseni nyingi za programu hulipiwa kwa dola, na shilingi ikishuka, bajeti huvuja bila mtu kufanya lolote. Kukagua kila mwaka ni leseni zipi zina watumiaji hai, na kuizima kabisa mifumo ya zamani badala ya kuiacha ikiendeshwa sambamba na mipya kwa tahadhari isiyo na kikomo, huleta akiba ya kweli. Lakini akiba ina mpaka wake, na idara inayojitambulisha kwa kubana matumizi hujikuta mwaka unaofuata ikibanwa yenyewe.

Kuhusu akili bandia, ambayo kila bodi inaiulizia siku hizi, mtazamo wangu ni wa kawaida sana. Kampuni ambayo bohari yake haijui katoni iliyolowa haitasaidiwa na programu inayotabiri mahitaji ya wateja, maana programu hiyo itajifunza kutokana na takwimu zilezile ambazo Mzee wa Kaunta hakuziamini. Tena, data za wateja sasa zina sheria: Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, na Kenya ilitangulia mwaka 2019. Mfanyakazi anayenakili orodha ya wateja na kuibandika kwenye huduma iliyo ng'ambo ili apate muhtasari wa haraka anaweza kuiingiza kampuni matatani, na si haki kumlaumu ikiwa idara haikumpa njia salama ya kufanya kazi hiyohiyo.

Limebaki suala la nani anabaki na mradi baada ya uzinduzi. Utaratibu uliozoeleka ni kwamba mfumo ukishazinduliwa, keki inakatwa, picha zinapigwa, na timu inatawanywa kwenda mradi mwingine, huku mzabuni akipeleka ankara yake ya mwisho. Matumizi halisi, hata hivyo, ndiyo kwanza yanaanza, na miezi ile ya mwanzo ndiyo inayoonyesha watumiaji wameuacha ukurasa gani, wameanzisha kaunta buku jipya wapi, na zile siku 6 zimeshuka kufikia ngapi. Laiti timu ya M-Pesa ingevunjwa siku majaribio ya mikopo yalipokamilika, hakuna ambaye angekuwepo kuona wafanyabiashara wakilaza fedha zao kwa wakala. Kwa hiyo katika kila andiko la mradi ninalopitia sasa nataka kuona mstari wa fedha za miezi 6 baada ya uzinduzi, pamoja na jina la mkuu wa idara ya biashara, asiye wa TEHAMA, atakayesaini kipimo cha mwisho sambamba na mkuu wa TEHAMA. Wakuu hao huwa wagumu kusaini mwanzoni, na wengine huomba muda wa kwenda kuupitia upya mradi wenyewe. Miradi miwili mitatu niliyoiona ikifutwa ilifutwa katika hatua hiyo, kabla ya senti kutumika, kwa sababu hakupatikana mtu wa biashara aliyekuwa tayari kuweka jina lake chini ya namba.